SOMO LETU: SIMU ILIYOHARIBIWA NA SASISHO, NA NAMNA YA KURUDI NYUMA



Katika mikutano ya matawi yetu ya pwani, kutoka Mocímboa da Praia mpaka Palma na Quionga, kuna swali ambalo sasa linaulizwa karibu kila mara, na wanaouliza ni vijana na wazee, wanaume na wanawake. Simu ilikuwa nzima jana. Usiku ikaandika kwenye kioo kwamba kuna sasisho jipya, au ikajisasisha yenyewe bila kuuliza. Asubuhi programu zinajifunga zenyewe, chaji inakwisha kabla ya adhuhuri, au simu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Je, inawezekana kurudi kwenye hali ya jana?

Hapo zamani tungesema hilo si jambo la chama. Leo hatuwezi kusema hivyo, kwa sababu mfanyakazi wa kibarua anaitwa zamu kwa ujumbe wa simu, analipwa kwa simu, na picha ya kitambulisho chake imo ndani ya simu. Wengi wetu tulikimbia nyumba zetu miaka ya vita, wengine mara mbili, na kitu pekee kilichookoka pamoja na nguo tulizovaa kilikuwa hicho kidude mfukoni. Kwa hiyo somo la safari hii ni hilo. Tunaliandika kama tulivyojifunza sisi wenyewe, kwa kuuliza, kujaribu, na kwa kukosea. Na tuanze na kosa.

Mwenzetu mmoja, kibarua wa kuvunja mawe, alisasisha simu yake na programu ya WhatsApp ikawa haifunguki. Zamu zilikuwa zinaitwa humo humo, na hapakuwa na njia nyingine. Siku mbili akakosa kazi kwa kutojua kwamba ameitwa. Akaenda kwa fundi wa sokoni, fundi akamwambia, "Tuifute yote, itarudi kama ilivyotoka kiwandani." Ikafutwa. Kilichofuata ni haya: toleo la mfumo likabaki lile lile jipya, simu ikadai akaunti ya Google ya mwanzo, na akaunti ile ilifunguliwa na muuza duka siku ya kununua, yeye mwenyewe hakuijua hata kwa jina, na picha za kitambulisho, namba za ndugu waliotawanyika, na ujumbe wote wa kuitwa zamu ukapotea. Mwezi ule ule alikuwa anadai mshahara wa wiki mbili. Ushahidi ulikuwa katika ujumbe ule. Tulikwenda naye mbele ya mwajiri, wenzake wakasimama kumshuhudia, tukapata wiki moja. Ya pili hatukuipata.

Sisi tunakubali kosa letu pia. Alikuja ofisini kwanza, kabla ya kwenda kwa fundi, nasi tukamwambia simu si kazi yetu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba sasisho si kitu kimoja. Tuichukulie simu kama nyumba. Kuna vyombo ulivyoleta mwenyewe: hizo ndizo programu ulizozipakua, kama WhatsApp au Facebook. Kuna milango na madirisha yaliyokuja na nyumba: programu zilizowekwa na kiwanda kabla hujainunua. Halafu kuna msingi na kuta, yaani mfumo wenyewe unaoiendesha simu. Kwa wengi wetu, wenye simu za Tecno, Itel, Infinix au Samsung, huo ni Android. Kila tabaka lina sasisho lake na lina njia yake ya kurudi nyuma, isipokuwa msingi, ambao mara nyingi hauna njia. Anayetibu bila kujua ugonjwa uko tabaka gani anaweza kuvunja ukuta kwa sababu ya bawaba iliyolegea. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu.

Basi kumbuka: ni nini hasa kilichosasishwa? Kama simu ilizima, ikawaka taratibu ikionyesha nembo ya kampuni kwa dakika nyingi, ikakwambia mwishoni kwamba imesasishwa, huo ni mfumo. Kama ulikuwa unaitumia tu na ghafla programu moja au mbili zikaanza kujifunga, yaelekea sana ni programu.

Lakini kabla ya kugusa chochote, okoa vilivyomo maadamu simu bado inawaka. Tunasisitiza hapa kuliko mahali pengine popote. Namba za simu za watu wako ziandike kwenye daftari, kwa kalamu. Hakuna aibu katika hilo. Daftari halihitaji chaji. Picha za hati zihamishe kwenye memori kadi, kisha itoe kadi hiyo nje ya simu, au zitume kwa Bluetooth kwenye simu ya mtu unayemwamini. Mazungumzo ya kuitwa zamu na ya malipo yanaweza kutolewa kutoka WhatsApp: ukiwa ndani ya mazungumzo hayo, bonyeza vile vidoti vitatu vya pembeni, tafuta "Exportar conversa", uyatume kwa ndugu au kwa mjumbe wa tawi. Kama hata hilo ni gumu, chukua simu ya mwenzako upige picha kioo cha simu yako, ujumbe baada ya ujumbe. Picha ya namna hiyo tumeishawahi kuiweka mezani mbele ya mwajiri na ikasomwa.

Na fedha? Hapa tuondoe hofu. Fedha zako za M-Pesa au e-Mola hazimo ndani ya simu. Zimo katika hesabu ya kampuni, na zimefungamana na laini yako na namba yako ya siri. Simu ikifa, toa laini uitie kwenye simu ndogo ya tochi, piga zile namba za nyota na reli kama kawaida, salio lako utaliona. Wapo walioacha simu kwa fundi pamoja na laini na namba ya siri "ili aijaribu". Usifanye hivyo hata kwa shemeji yako. Laini itoke kwanza.

Sasa tuingie kwenye dawa yenyewe.

Zima simu, iache kidogo, uiwashe tena. Inaonekana ni ushauri wa kitoto, lakini sasisho jingine humalizia kazi yake pale simu inapowaka mara ya pili. Ikiwa bado, iwashe katika hali ya usalama. Kwa simu nyingi za Android unashikilia kitufe cha kuzima mpaka yatokee maneno ya kuzima, halafu unayashikilia maneno hayo kwa kidole mpaka iulize kama unataka "Modo de segurança". Kubali. Simu itawaka na programu zake za kiwandani tu. Zile ulizozipakua zitalala. Kama katika hali hiyo inakwenda vizuri, bila kuzimika wala kupata moto, basi mkosaji ni programu uliyoipakua, na msingi wa nyumba hauna kosa. Ukiizima na kuiwasha tena inarudi katika hali ya kawaida.

Ikiwa ugonjwa uko kwenye programu iliyokuja na simu, hapo ndipo njia ya kurudi nyuma ni nyepesi, tena ni bure, na mafundi wengi hawaitaji kwa kuwa hawapati kitu. Mfano wake mkubwa tunaufahamu. Tarehe 22 Machi 2021, watu wenye simu za Android katika nchi nyingi za dunia waliona programu zao zinajifunga zenyewe, Gmail mojawapo. Wengine walifuta programu moja baada ya nyingine, na wengine walifuta simu nzima. Mkosaji alikuwa kipande kimoja kilichojificha, kinachoitwa Android System WebView, ambacho kazi yake ni kuzisaidia programu nyingine zionyeshe kurasa za intaneti ndani yao. Sasisho lake lilikuwa na kasoro. Aliyekitafuta kipande hicho na kuliondoa sasisho lile, programu zake zilisimama tena. Baadaye Google ikatoa toleo lililorekebishwa.

(Sisi wa pwani hii tarehe hizo hatuzisahau kwa jambo jingine. Siku mbili baadaye, tarehe 24 Machi, Palma ilishambuliwa, na mawasiliano ya simu yakakatwa. Wakati ule sasisho lilikuwa jambo dogo sana kwetu. Lakini tangu hapo simu isiyofanya kazi hatuioni tena kuwa ni usumbufu tu, na aliyewahi kutafuta mtoto kwa siku tisa bila mtandao hahitaji kuelezwa.)

Njia ni hii. Ingia "Definições", simu nyingine huandika "Configurações". Tafuta "Aplicações". Katika orodha hiyo programu za mfumo huwa zimefichwa, hivyo bonyeza vidoti vitatu uchague zionyeshwe. Ikute ile unayoishuku: WebView, Chrome, kibodi ya kuandikia, au nyingine yoyote iliyokuja na simu. Ifungue. Bonyeza tena vidoti vitatu, na kama kuna njia ya kurudi utaona "Desinstalar atualizações", yaani ondoa masasisho. Ukikubali, programu hiyo inarudi kwenye toleo ililotoka nalo kiwandani. Jihadhari kwamba data za programu hiyo moja hufutika, kwa hiyo kama ni ya picha au ya kumbukumbu zako, rudi kwanza kule tulikosema uokoe vilivyomo. Programu nyingine hazitaguswa.

Baada ya hapo kuna mtego. Simu ikipata mtandao usiku, inaweza kulileta tena sasisho lile lile ovu. Fungua duka la Google Play, gusa alama yako ya juu pembeni, ingia katika mipangilio yake, uzime kule kujisasisha kwenyewe. Ukae hivyo siku kadhaa. Faida nyingine ni kwamba mega zako hazitaliwa ukiwa umelala. Lakini usikae hivyo milele. Masasisho mengi yana kazi ya kuziba matundu ambayo wezi hupitia, na ukiacha matundu wazi kwa mwaka mzima unawakaribisha wenyewe. Subiri toleo lililorekebishwa, uliza wenzako waliotangulia, kisha sasisha.

Kwa programu uliyoipakua mwenyewe, kitufe hicho hakuna. Kurudi nyuma ni kuiondoa kabisa na kuweka toleo la zamani, na hapa tunakuomba uwe na subira. Ukiiondoa WhatsApp bila nakala ya akiba, mazungumzo yanaweza kwenda nayo. Toleo la zamani ambalo kijana wa kibandani anakutumia huenda si la zamani wala si la kweli. Limetiwa mkono, na linaweza kusoma ujumbe wako. Zaidi ya hayo, WhatsApp yenyewe hulikataa toleo likishazeeka mno. Kwa programu za namna hii tumeona mara nyingi dawa bora ni kuangalia kama nafasi ndani ya simu imejaa, kufuta video za vichekesho ambazo kila kikundi hututumia asubuhi, halafu kungoja siku mbili tatu toleo lingine litoke.

Tumebakiwa na msingi wa nyumba, yaani mfumo wenyewe. Hapa tuseme kweli bila kuficha: kwa simu nyingi, mfumo ukishasasishwa, wewe mtumiaji hurudi nyuma. Na kufuta simu yote hakukurudishi nyuma. Tunarudia kwa sababu kosa hili linakula fedha za wafanyakazi kila wiki. Kufuta kunaondoa vitu vyako. Mfumo unabaki ule ule mpya. Wakati mwingine kunasaidia, ikiwa shida ni mabaki ya zamani yanayogombana na mfumo mpya, na kuna wakati hakuna njia nyingine. Mnamo Oktoba 2024 simu za Samsung za Galaxy S10 na Note 10, ambazo zilikuwa na miaka mitano hivi, ziliingia katika kuwaka na kuzima bila mwisho kwa sababu ya sasisho la kipande kimoja, na wengi walilazimika kufuta kila kitu. Aliyekuwa ameokoa vitu vyake mapema alipoteza saa moja. Asiyeokoa alipoteza vyote.

Ikibidi kufuta, jua kwanza akaunti yako ya Google na neno lake la siri. Tangu mwaka 2015 Android ina ulinzi dhidi ya wezi: simu iliyofutwa kwa vitufe vya pembeni itadai akaunti iliyokuwemo. Ulinzi huo ni mzuri, kwani mwizi wa Pemba akiuza simu yako inakuwa tofali. Lakini kwa mfanyakazi aliyefunguliwa akaunti na muuza duka, yeye ndiye anayegeuzwa mwizi wa simu yake mwenyewe. Leo hii, simu ikiwa nzima, angalia katika "Definições" jina la akaunti iliyomo. Kama hulijui, nenda ukaongeze yako, uiandike kwenye daftari lile lile, kisha ile ngeni uiondoe.

Fundi anaweza kukuambia, "Nitaifleshi, nirudishe toleo la zamani." Kuna simu zinazokubali, na kuna mafundi wanaojua kazi hiyo. Lakini muulize mambo kadhaa kabla ya kumwachia. Je, toleo hilo ni la simu hii hii, mpaka herufi ya mwisho ya namba ya aina yake? Je, simu inakubali kushuka? Simu nyingi za miaka hii zina kihesabu ndani yake kinachopanda pamoja na sasisho na hakishuki. Ukilazimisha toleo lililo chini yake, simu inakataa kuwaka. Na je, atakubali kutolipwa ikifa? Swali hili la mwisho hutoa majibu ya haraka. Simu za Apple nazo zina lao: kampuni huruhusu toleo lililopita kwa muda mfupi tu baada ya jipya kutoka, kisha mlango unafungwa kwa kila mtu.

Kuna simu nyingine zenye vyumba viwili vya mfumo. Jipya linawekwa katika chumba cha pili huku la zamani likibaki katika cha kwanza, na simu ikishindwa kuwaka mara kadhaa na jipya, inarudi yenyewe kwenye la zamani. Kwa hiyo usiku wa sasisho, kama simu inawaka na kuzima, iunganishe na chaji uiache ijaribu. Usianze kubonyeza vitufe vyote kwa hasira. Na usiruhusu sasisho la mfumo jioni ambapo umeme unayumba au chaji iko nusu. Fanya siku ya mapumziko, betri ikiwa imejaa, vitu vyako vikiwa vimeokolewa.

Mtu atauliza, kwa nini aliyenunua kitu kwa jasho lake asiweze kukirudisha kama kilivyokuwa? Sababu ya wezi na matundu ni ya kweli. Lakini haiwezi kutetea kila kitu. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa kuwasukuma wateja waweke masasisho yaliyozidhoofisha simu zao, bila kuwapa maelezo ya kutosha na bila kuwapa njia ya kurudisha simu katika hali ya mwanzo. Februari 2020 Ufaransa nayo ilitangaza faini ya euro milioni 25 kwa Apple, kwa kutowaambia wateja kwamba masasisho yangeweza kuzipunguzia kasi simu zenye betri iliyochoka. Tunayataja haya ili mwenzetu asijilaumu kwamba simu imeharibika kwa ujinga wake. Kampuni zenyewe zimeonekana na hatia, pale walipokuwepo watu wa kuzihoji.

Huku kwetu yuko mwingine wa kuhojiwa, naye yu karibu zaidi. Mwajiri anayeita zamu kwa WhatsApp pekee amehamishia gharama yake kwenye mfuko wa kibarua: simu ya kibarua, mega za kibarua, chaji ya kibarua anayolipia kwenye kibanda cha sola. Simu ikiharibika, kosa linahesabiwa la kibarua, na siku inakatwa. Tawi letu limeamua kudai kwamba orodha ya zamu ibandikwe kwa karatasi langoni, jioni ya siku iliyotangulia, ikiwa na muhuri na tarehe, na kwamba ujumbe wa simu uwe ukumbusho tu. Sehemu mbili wameshakubali. Sehemu ya tatu wanasema karatasi inaliwa na mvua. Tumewaambia tutawaletea bati.

Kuhusu ujumbe unaokuja kwa simu ukisema "sasisha simu yako hapa" na chini yake kuna kiungo cha kubonyeza, ufute. Sasisho la kweli la mfumo hutoka ndani ya "Definições", na la programu hutoka katika duka la Google Play.

Kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri mjumbe wa tawi atakaa barazani na wanaotaka kuokoa picha na namba zao au kuondoa sasisho baya. Hakuna malipo. Njoo na waya wako wa chaji, memori kadi kama unayo, na daftari. Namba ya siri ya fedha usimwambie mtu, hata sisi.